Siku tatu Lushoto: nyumba nzuri, maelezo sifuri

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Tulilipa shilingi 150,000 kwa usiku, nyumba nzima: vyumba vitatu vya kulala, sebule yenye meko ya ukutani, jiko na bustani. Tulikuwa saba, yaani mimi, baba watoto, watoto wetu watatu, mdogo wangu wa kiume na mama mkwe. Ukigawa kwa vichwa haifiki 22,000 kwa mtu. Nusu tuliitanguliza kwa simu, nusu tukamalizia tulipofika.

Picha za mtandaoni hazikudanganya, hilo nalisema mapema. Nyumba iko upande wa njia ya Irente, na imejengwa kama nyumba za zamani za huku juu: kuta nene, bati jekundu, dohani. Wajerumani, enzi hizo Lushoto wakiiita Wilhelmstal, walipanda huku kukimbia joto la bondeni, na mpaka leo anayejenga nyumba ya wageni hapa lazima aweke meko. Juni ndiyo utaelewa kwa nini. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi ni watu wa Tabata, kwenye joto la Dar es Salaam. Sweta la mwanangu mdogo lilikuwa bado na lebo ya dukani.

Safari yenyewe siihesabu kwenye makosa ya nyumba. Kutoka Mombo kupanda hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini kona zake zinakukumbusha dhambi zako zote. Noah yetu ilichemka kabla hatujafika Soni, na mwanangu wa kati akazirudisha chipsi za Mombo ndani ya kofia ya mjomba wake. Kofia ilikuwa mpya. Tuendelee.

Mlinzi, mzee wa Kisambaa mwenye koti refu, alitupokea getini. Tukamwamkia, akaitikia, akatukabidhi funguo. Kisha akagundua mama mkwe ni Mzigua wa Handeni, na hapo sisi wengine tukaacha kuwepo. Kizigua na Kisambaa ni ndugu, kila mmoja akiongea chake wanaelewana. Walisimama bustanini nusu saa nzima, mzee anaonyesha huku na kule kwa fimbo, mama anacheka. Mimi nikadhani wanaulizana koo.

Ndani tulikuta matangazo. Nilihesabu 11, yote yamechapwa na kuwekwa plastiki. Vua viatu. Usivute sigara. Usihamishe samani. Taulo ikipotea utailipa. Ukivunja glasi toa taarifa. Hata mlango wa kabati la masufuria ulikuwa na lake. Kumbukeni hiyo namba.

Usiku wa kwanza baba watoto akatangaza kwamba atawasha meko, na asisaidiwe. Akapanga kuni vizuri kabisa, akaweka karatasi, akawasha. Dakika mbili za mwanzo tulipiga picha. Ya tatu hatukuonana. Moshi uligoma kupanda, ukaamua kukaa sebuleni na sisi. Tukatoka nje mbio na mablanketi, watoto wanakohoa, mdogo wangu amebeba televisheni, sijui alikuwa anaiokoa na nini. Mlinzi akaona moshi madirishani, akaja mbio na ndoo mbili za maji, na kabla hatujafungua mdomo akazimwaga zote kwenye meko. Majivu yakaruka hadi kwenye mapazia.

Halafu ndipo akainama, akashika kichuma kidogo kilichojificha juu kidogo ya mdomo wa meko, akakivuta. Klak. Dohani ilikuwa na kifuniko, na kifuniko kilikuwa kimefungwa. Nyuma yake mama mkwe alikuwa anakuja polepole, ana gunzi la mahindi mkononi. Alikuwa kibandani kwa mlinzi anaota moto wa mkaa.

Asubuhi ya pili, suala la kuoga. Maji ya moto huku hayatoki kwenye hita ya umeme. Nyuma ya nyumba kuna pipa limejengewa juu ya tanuri la kuni, mlinzi analiwasha alfajiri na jioni, maji yanaingia kwa bomba. Mfumo mzuri, hautegemei Tanesco. Baba watoto akafungua koki nyekundu akasubiri. Akasubiri tena. Baada ya robo saa akaoga hivyo hivyo, anaimba kwa sauti ya mtu anayepigwa. Mimi nikaoga kwa mtindo wa kunawa uso na miguu. Watoto walisamehewa. Mtu pekee aliyekuwa anakaa bafuni muda mrefu, akitoka na khanga yake na uso unang'aa, ni mama mkwe, na sote tulikuwa tunamsifu kwa uvumilivu wa watu wa zamani.

Siku hiyo hiyo ndipo yalipotokea ya kima. Mama alikuwa ameamka na kusukuma chapati 22, akazipanga kwenye hotipoti, tukazibakiza kwa ajili ya safari ya Irente. Mdogo wangu akaacha dirisha la jikoni wazi ili harufu ya moshi wa jana itoke. Tulikuwa tunavaa viatu tuliposikia kishindo. Kima mkubwa alikuwa juu ya Noah, hotipoti iko katikati ya miguu yake, na nawaapia aliuzungusha ule mfuniko kama mwenye nyumba. Wenzake wakashuka mtini wakajipanga. Mama mkwe akatoka na mwiko akawafokea kwa Kizigua, na yule mkubwa akamtazama, akakunja chapati, akaendelea. Zilirudi chapati sifuri. Hotipoti ilirudi, imebonyea.

Irente tulikwenda na mkate na parachichi za sokoni, na sitaki kuharibu habari yake kwa utani. Unasimama ukingoni mwa jabali, chini kabisa ni Mazinde na mashamba ya mkonge, na malori ya barabara kuu yanaonekana kama vijiti vya kiberiti vinavyotambaa. Wanangu walinyamaza dakika kumi. Hiyo peke yake ina thamani ya usiku mmoja.

Mengine kwa kifupi: vitanda ni vizuri, mablanketi mazito na masafi, mtandao wa simu unashika ukikaa barazani tu. Gesi iliisha pilau ikiwa haijaiva, mlinzi akaleta jiko la mkaa bila kuombwa.

Siku ya kuondoka nikaingia kuoga kwenye bafu la chumba cha mama, la kwetu likiwa na mtu. Nikagusa koki ya bluu kwa bahati mbaya. Maji ya moto, ya moto kweli! Fundi alizigeuza koki. Nikatoka na povu kichwani nikamwita mama. Ndipo ikajulikana kwamba siku ile bustanini mzee alimweleza kila kitu: kichuma cha dohani, koki zilizogeuzwa, madirisha yafungwe kwa sababu ya kima, mtungi wa gesi unakaribia kuisha. Kila kitu. Nikamuuliza, sasa mama mbona hukutuambia?

"Nilijua mnajua. Njia nzima si mlikuwa mnasoma kwenye simu habari za hiyo nyumba?"

Nyota 4 kati ya 5. Nyumba ninaipa 3, ile moja ni ya mzee mlinzi. Tutarudi Desemba tukijaliwa, na safari hii mama atakaa kiti cha mbele atafsiri.

Mwenye nyumba nilimwandikia yote haya kwa upole, nikamwomba aweke karatasi moja tu ya maelezo kwa wageni. Alijibu siku hiyo hiyo, akashukuru sana, na wiki iliyofuata akanitumia picha. Tangazo la 12, limewekwa plastiki, mlangoni mwa jikoni: "Ni marufuku kuwapa kima chapati."