Kununua kompyuta inayoheshimu faragha: ipi itangulie, ipi ifuate

Kompyuta mpya huanza kuwasiliana na seva za waliotengeneza mfumo wake mara tu inapounganishwa na intaneti, na mnunuzi aliyejali kasi na betri peke yake hujikuta ameshakubali masharti ambayo hakuyasoma. Kwa hiyo nimepanga aina nne za kompyuta kwa kipimo kimoja: je, mwenye kompyuta anaweza kuzima utumaji wote wa data zake, au ameachiwa sehemu tu?

Ya kwanza ni mpakato yenye Linux, mfumo endeshi huria wenye matoleo mengi, hasa toleo liitwalo Debian, ambalo hukuuliza wakati wa kulisakinisha kama uko tayari kutuma takwimu za programu unazotumia, na jibu lililowekwa tayari ni hapana. Si kila Linux ina rekodi hiyo. Mwaka 2012, Ubuntu 12.10, Linux nyingine, ilipeleka kwenye seva za Canonical, kampuni inayoitengeneza, maneno ambayo mtu aliyatafuta ndani ya kompyuta yake mwenyewe, ili aonyeshwe bidhaa za Amazon, na ni toleo la 16.04 la mwaka 2016 lililokuja likiwa limezima jambo hilo.

Ya pili ni Mac. Apple huomba ruhusa kabla ya kupokea takwimu za matumizi, ingawa Novemba 2020, seva yake ya kuhakiki vyeti (vitambulisho vya kidijitali) vya programu ilipokwama, ilijulikana wazi kwamba maulizo ya Mac kwa seva hiyo yalikuwa yakisafiri bila kusimbwa, yaani bila kufichwa yasisomwe na wengine.

Windows 11 ni ya tatu, kwa sababu data za uchunguzi zilizoitwa za lazima hazizimiki katika matoleo ya Home na Pro. Zima basi zile za hiari kwenye mipangilio ya faragha. Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni programu zinazopachikwa na kiwanda. Baadhi ya mpakato za Lenovo zilizouzwa mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015 zilikuja na Superfish, iliyoingiza matangazo katika kurasa za wavuti kwa kutumia cheti chake yenyewe, na kwa kuwa ufunguo wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote, aliyeupata aliweza kuiga hata tovuti ya benki. Ukinunua mashine ya Windows, isakinishe upya kwa nakala safi kutoka Microsoft kabla ya kuweka nywila yoyote.

Chromebook, mpakato yenye mfumo wa Google, naiweka mwisho, kwani imejengwa juu ya akaunti ya Google, na ukiitumia kama mgeni, bila akaunti, faili zako hufutwa unapotoka.