Ambu aScope 4 Broncho kwa hospitali za Goma: anza na saizi ya 5.0

Bronkoskopu hii, kifaa chenye kamera kinachoingizwa kwenye njia ya hewa hadi mapafuni, hutumika kwa mgonjwa mmoja kisha hutupwa. Inakuja tasa ndani ya pakiti, waya wake una urefu wa sentimita 60, na picha huonekana kwenye skrini ndogo inayonunuliwa kando. Saizi ni tatu: milimita 3.8, 5.0 na 5.8, zenye matundu ya kufyonzea ya 1.2, 2.2 na 2.8.

Pesa zikitosha saizi moja tu, chukua 5.0. Ile ya 3.8 inafaa kuhakikisha neli ya kupumulia imekaa vizuri juu ya karina (pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda mapafu mawili), lakini ikikutana na makohozi yanayovutika kama bamia, tundu lake huziba papo hapo. Ya 5.8 inafyonza kuliko zote, ila inadai neli pana. Upana wa ndani wa neli uzidi bronkoskopu kwa milimita 2 au zaidi, la sivyo mgonjwa anayepumua kwa mashine hana pa kutolea pumzi.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgonjwa mahututi anaanza na akiba ndogo ya oksijeni. Mpe 100% kabla ya kuingiza na muda wote wa kazi. Fyonza sekunde chache, achia kitufe, subiri namba ya oksijeni ipande. Kufyonza mfululizo huondoa hewa pamoja na makohozi, na pafu husinyaa. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Kuosha pafu ili kupata sampuli, saizi ya 5.0 inaweza vizuri kabisa. Kaza ncha kwenye tawi dogo la pafu, sehemu ya kati ya pafu la kulia ikiwa rahisi zaidi kwa aliyelala chali. Sukuma maji ya chumvi 0.9%, ml 20 hadi 50 kwa mara moja, jumla 100 hadi 300, kisha yavute polepole. Ukivuta kwa nguvu, kuta za njia ya hewa hukutana na hakirudi kitu. Sehemu ya maji hayo ipelekwe kwenye mashine ya vipimo ya GeneXpert kutafuta kifua kikuu.

Udhaifu upo. Koleo la kukatia nyama likishapita kwenye tundu la 2.2, kufyonza karibu kunaisha, na damu ikitoka huoni tena. Kazi ya vipimo vya saratani ibaki kwa bronkoskopu ya kudumu yenye picha safi zaidi. Mtoto aliyepaliwa na karanga apelekwe kwa wenye bronkoskopu ngumu. Kamwe usisukume koleo ncha ikiwa imepinda: linatoboa tundu kwa ndani.

Jambo moja tunaliomba kwa dhati: msiiloweke dawa mkaitumia tena. Haikutengenezwa kusuguliwa ndani wala kupimwa uvujaji, na damu iliyokaukia humo inahamia kwa mgonjwa anayefuata. Mzigo ukichelewa Grande Barrière, mpakani na Rwanda, ni heri kuahirisha kazi isiyo ya dharura.

Chaji skrini kila jioni, na weka pampu ya kufyonzea ya mguu karibu na kitanda. Umeme ukikatika, betri itaendelea kukuonyesha makohozi yaliyoziba, lakini mashine ya kuyafyonza itakuwa imezimika.