What's Going On ya Marvin Gaye: habari isiyojibiwa "nzuri"

Albamu hii inaanza kwa salamu. Wanaume wamekutana mahali, wanachangamkiana, mmoja anamwita mwenzake, mwingine anajibu kwa mbali kama aliyekaa kona ya chumba. Saksafoni inapenya katikati yao, na Marvin Gaye, mwimbaji Mmarekani, anaanza kwa kumwita mama. Mtu aliyekulia barazani hahitaji kutafsiriwa hiyo. Watu wamekutana, wanajuliana hali.

Na sisi tunajua salamu zetu zilivyo. Ukiulizwa habari unajibu nzuri. Hata kama kuna msiba nyumbani, kwanza nzuri, ndipo ije "ila": ila mtoto anaumwa, ila tumefiwa. Kwa masikio yangu What's Going On ni hiyo "ila", dakika 35 za "ila". Marvin anauliza kuna nini, na hakubali kujibiwa nzuri.

Kwa miaka mingi niliisikiliza kwenye simu, nyimbo mbili tatu, vipande vipande, ndani ya daladala. Mwaka jana nikanunua santuri yake, toleo lililochapwa upya, kwa shilingi 120,000 pamoja na usafiri. Nakala ya kwanza niliyoletewa ilikuwa imepinda. Sindano ilipanda na kushuka kama mtumbwi, na muuzaji akachukua wiki tatu kunibadilishia. Ya pili ilifika nzima. Naandika kwa sababu nilidhani naijua albamu hii, kumbe sijawahi kuisikiliza.

Nyimbo zake hazina mlango katikati. Upande wa kwanza una nyimbo 6, na mmoja unamwagikia ndani ya mwingine bila kimya. Ngoma za mkono zinabaki, fidla zinabaki, sauti inabadilisha mada kama mtu anayeendelea kuongea huku akihamia kiti cha pili. Kwenye simu, ukiwa umeruhusu programu ichanganye nyimbo, kila moja inakatwa shingo. Santuri inakulazimisha ukae. Ukishashusha sindano huna cha kufanya ila kusikiliza mpaka upande uishe, na hapo ndipo uzito wake unapoanza kukukalia kifuani.

Alipoanza kuirekodi, mwaka 1970, Marvin alikuwa na jina kubwa katika kampuni ya muziki ya Motown huko Detroit, nyota wa nyimbo za mapenzi. Lakini alikuwa ameumia. Tammi Terrell, aliyeimba naye nyimbo za wawili wawili, alimwangukia mikononi jukwaani huko Virginia mwaka 1967. Ulikuwa uvimbe kwenye ubongo. Machi 1970 akafariki, akiwa na miaka 24 tu. Marvin akajitenga na majukwaa. Mdogo wake, Frankie, alikuwa amepelekwa vitani Vietnam, na barua zake zilimfikia kaka mtu mmoja aliyekaa Marekani akiimba mapenzi.

Wimbo wenyewe wenye jina la albamu haukuanzia kwake. Renaldo Benson wa kundi la Four Tops alikuwa Berkeley, California, mwaka 1969, akaona polisi wanavyowapiga vijana, akaanza kuutunga. Wenzake kwenye kundi hawakuutaka, wakauona ni wimbo wa maandamano. Ukamfikia Marvin, akauongezea maneno na roho. Berry Gordy, mwenye kampuni, hakuupenda. Marvin akagoma kurekodi kingine chochote mpaka utoke. Ukatoka Januari 1971, ukanunuliwa kwa kasi, na sasa ikawa Gordy ndiye anayetaka albamu nzima, upesi. Ilitoka Mei 21 mwaka huohuo. Mwaka 2020 jarida la Rolling Stone liliiweka namba 1 kati ya albamu 500 bora za wakati wote. Sikuinunua kwa ajili ya hilo, lakini sishangai.

Sasa sauti. Nilipoweka santuri nzima mara ya kwanza, usiku, taa zikiwa zimezimwa, niligundua kitu ambacho spika ya simu ilinificha: Marvin wako wawili. Mmoja anaimba karibu, mwingine anaimba maneno yaleyale kidogo pembeni, anachelewa, anamtangulia, anamkatiza, anamwitikia. Haikupangwa. Fundi wa studio alimpigia sauti mbili alizorekodi kwa nyakati tofauti ili achague moja, zikalia zote kwa pamoja, na Marvin akaona hicho ndicho. Ukishaijua, hutaacha kuisikia. Ni mtu anayejisemesha, yule aliyelala macho mpaka alfajiri, swali linatoka upande mmoja wa kichwa na jibu upande wa pili, na jibu halimtoshi muulizaji. Katika Save the Children jambo hilo limefanywa waziwazi: sauti moja inasema maneno kama mtu anayezungumza, ya pili inayachukua na kuyaimba. Pale huwa naacha chochote nilichoshika.

Saksafoni ya mwanzo nayo ilipatikana hivyohivyo. Eli Fontaine alikuwa anapasha chombo moto, anacheza tu. Alipodhani sasa kazi inaanza, Marvin alimwambia imekwisha, walichokuwa wanakitafuta wameshakirekodi. Na James Jamerson, mpiga besi, husimuliwa kwamba Marvin alimtoa klabu usiku, akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kukaa kwenye stuli, akapiga wimbo wa kwanza akiwa amelala chali sakafuni. Sikiliza besi hiyo kwa headfoni. Haipigi hatua moja mara mbili. Inatembea chini ya wimbo kama mwenyeji anayejua kila kichochoro, na wewe juu unadhani umetulia. Kampuni ile ilikuwa na desturi ya kutowataja wapigaji wake kwenye majalada. Hapa majina yao yamechapwa, na nimeyasoma yote, moja moja, kwa heshima.

Aliyezoea taarab asilia atazipokea fidla hizi kama ndugu. David Van DePitte ndiye aliyezipanga. Hazilii kwa kushindana na mwimbaji, zinamtandikia.

Wimbo wa pili ndio ulionipata mimi. Unaitwa What's Happening Brother, na ni askari aliyerudi kutoka vitani. Vita anaigusa kwa mstari tu, haisimulii. Analalamika hapati kazi, kisha anauliza: mambo kweli yanakuwa mazuri, kama gazeti lilivyosema? Ile timu bado inatarajiwa kushinda? Vijana wanakwenda kucheza wapi siku hizi? Anauliza, anauliza, na katikati ya maswali unasikia alichokuja nacho ambacho hatakisema.

Baba yangu mdogo alikwenda Vita vya Kagera. Mwaka 1979 aliporudi mimi nilikuwa na miaka minane. Nyumba ilijaa watu. Kila aliyeingia alimwuliza habari za huko, na kila mmoja alijibiwa nzuri. Kisha yeye ndiye akawa muulizaji. Sukari inapatikana? Sabuni je? Fulani ameoa? Bendi gani inapiga Jumamosi? Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, viatu vya jeshi bado mguuni, anauliza bei ya kila kitu, na baba yangu, kaka yake, amechuchumaa mbele yake anajibu kila swali taratibu kama anayemhesabia mtoto. Nilidhani baba mdogo anapenda mno habari za mjini. Miaka arobaini na kitu imepita, na mtu wa Detroit ambaye hakuwahi kumwona ndiye aliyenieleza nilichokuwa nakitazama.

Wimbo unaofuata, Flyin' High, unamhusu mtumiaji wa heroini, na Marvin anauimba kwa sauti nyembamba ya juu kabisa, kama anayeelea. Mtaani kwetu tumewaona mateja, tumewaona wakiwa kwenye arosto wamejikunja ukutani, na nyimbo nyingi tulizosikia juu yao zinawagombeza. Huu haugombezi. Anayeimba ni teja mwenyewe, anajua anakokwenda, na anakwenda. Ni wimbo mzuri kwa namna inayotisha. Kuna kijana aliyekuwa akiosha magari karibu na kwangu, tulimzika, na siwezi kuusikiliza bila kumwona akikamua kitambaa.

Mercy Mercy Me unafunga upande wa kwanza, na huu ndio wa kuwasikilizisha watoto. Mwaka 1971 mtu wa nyimbo za mapenzi anaimba habari za mafuta yaliyomwagwa baharini na samaki waliojaa zebaki! Kanda ya Ziwa wachimbaji wadogo wa dhahabu bado wanaishika zebaki kwa mikono mitupu. Na sauti yake ni tamu, hana hasira, anaomba rehema tu. Nadhani angepiga kelele tungeshamsahau.

Upande wa pili una nyimbo 3 tu, na sitauficha upungufu wake. Right On ni mrefu, dakika zaidi ya 7, na kwangu unazunguka bila kufika. Kinyume chake God Is Love, ule wa upande wa kwanza, haufiki hata dakika 2, ndiyo kwanza umekaa vizuri umeshaondoka. Wholy Holy unahitaji uwe na subira ya ibada. Lakini Inner City Blues unalipa deni lote. Roketi zinapelekwa mwezini, bili zinarundikana, kodi inakula mshahara, na ngoma za mkono zinapiga chini kwa chini kama mtu anayegonga meza kwa vidole badala ya kuipindua.

Kama fedha zako zinatosha toleo moja tu, chukua la kawaida. Lipo toleo refu lililotoka mwaka 2001 lenye mchanganyo wa kwanza uliofanywa Detroit, ule ambao Marvin aliuweka kando akaenda kuchanganya upya Los Angeles. Ni mkavu zaidi, besi iko karibu zaidi. Nimeupenda, lakini ni wa mtu ambaye tayari ameshalia na ule wa pili. Ukiweza, nunua santuri, kwa sababu pia ya jalada. Kwenye kioo cha simu picha ile ni mtu aliyevaa koti jeusi. Katika inchi 12 unaona matone ya manyunyu yamekaa kwenye nywele zake, hayajaporomoka, na macho yanatazama kitu nje ya picha. Ilipigwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Kuna jambo moja linalonifanya niogope wimbo wa kwanza. Baada ya mama na ndugu, Marvin anamgeukia baba, anamsihi ugomvi usikuzwe. Aprili 1, 1984, siku moja kabla ya kutimiza miaka 45, baba yake mzazi, mhubiri, alimpiga risasi akafa. Sijui namna ya kuyasikiliza maneno yale kwa masikio ya mwaka 1971. Nimejaribu.

Mwezi wa nne nilibeba mashine na santuri mpaka Muheza kwa baba mdogo. Hajui Kiingereza. Nilimwamkia, tukala, nikamwekea upande wa kwanza bila kumweleza chochote. Ulipofika wimbo wa pili nikamwambia tu kwamba mwimbaji alikuwa na mdogo wake vitani, na hapa anaimba kama ndiye yule mdogo, amerudi nyumbani.

Akasikiliza mpaka ukaingia wa tatu.

"Alirudi kweli, huyo mdogo wake?"

"Alirudi, baba."

Hakusema kingine. Nikageuza upande wa pili, tukasikiliza kimya, kuku wanapita mlangoni. Mwisho kabisa wa Inner City Blues ngoma zinapungua, na Marvin anarudi kumwita mama kama alivyomwita mwanzo. Baba mdogo akainua kidole.

"Hapa si ndipo tulipoanzia?"

Nikamwambia ndipo. Akanisogezea mashine ile kwa mkono, nigeuze tena.