Haidroliki ya gari la otomatiki: ununue ipi hapa Dodoma

Malalamiko yamekuwa yakiniingia mfululizo, na yanafanana. Msomaji wa Nkuhungu ana IST ya toleo la kwanza. Kabadilisha haidroliki, yaani oil ya giaboksi ya otomatiki, na tangu siku hiyo gari linapiga teke likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Mwingine wa Kisasa ana Mark X, nayo ikishapata moto inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nikawaomba wanitumie picha ya kopo. Kote kumeandikwa Dexron III.

Hapo ndipo ninapokereka. Watu wanauliza bei, wanauliza kama ni nyekundu, wanauliza kopo lina lita ngapi. Nani kaithibitisha hiyo oil, hakuna anayeuliza. Dexron ni jina la General Motors wa Marekani. Zamani kiwanda kikitaka kuliandika kwenye kopo, oil yake ilipimwa kwanza, ndipo kikapewa namba ya leseni. Ilipokuja Dexron VI, leseni za Dexron III zikasitishwa, na za mwisho ziliisha mwaka 2006. Kwa hiyo kopo lililojazwa juzi likaandikwa Dexron III halina leseni ya mtu. Huenda ndani mna oil nzuri, huenda mna takataka. Shahidi ni huyo huyo aliyeliandika. Dexron VI halali ina namba ya leseni inayoanza na herufi J. Itafute kwenye kopo kabla hujatoa hela.

Na hata ungeipata halali, magari haya mawili hayakutengenezewa hiyo. Toyota ana aina zake za oil: IST ile inataka T-IV. Mark X inataka WS, ambayo ni nyepesi kuliko T-IV, na hizi mbili hazichanganywi. Ndani ya giaboksi mna pleti za klachi zinazofanya kazi zikiwa zimelowa, na oil ndiyo inayoamua zishike kwa upole au kwa ghafla. Wekundu ni rangi iliyotiwa tu, inakusaidia kujua kinachovuja chini ya gari ni nini. Anayekwambia "haidroliki ni haidroliki, dada" mwambie aitie kwenye gari lake. Kama gari lako lina stiki ya kupimia oil ya giaboksi, ichomoe uisome: Toyota nyingi zimeandikwa aina ya oil pale pale.

Habari za oil kufaa kwenye baridi kali siziongelei. Dodoma theluji tutaitoa wapi?

Namba moja kwangu ni Aisin. Niiteni wakala, sijali. Hawa ndio wanaotengeneza giaboksi za Toyota nyingi tunazoendesha, kwa hiyo anayeuza oil ndiye aliyeipanga mashine yenyewe. Mtaniambia na kopo lao lina orodha ndefu ya magari na aina za oil. Ni kweli, na kwa kampuni nyingine orodha ndefu inanitia shaka mara moja. Kwa Aisin nasamehe. Ila hakikisha T-IV au WS yako imo kwenye orodha, maana wana zaidi ya aina moja ya oil.

Ya pili ni Toyota yenyewe, T-IV au WS. Kwa oil sina neno. Tatizo ni jina: mwigaji akitaka kuuza haraka ataanza na nembo ya Toyota. Kagua kifuniko, kagua uchapaji, linganisha kopo mbili za rafu moja. Zikitofautiana, ondoka.

Ya tatu ni hizi za kampuni kubwa za mafuta, Fluidmatic ya TotalEnergies au Transmax ya Castrol. Soma mgongoni. Ukiikosa aina yako, irudishe kwenye rafu.

Ya kupimiwa kwenye pipa? Hapana.

Wenye CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, yaani Fit nyingi, X-Trail T31 na baadhi ya Vitz, orodha yangu haiwahusu. Mle mna mkanda wa chuma unaobanwa na puli za chuma, na haidroliki ya kawaida itaufanya uteleze. Nunueni ya kampuni ya gari, kwa mfano NS-2 ya Nissan kwa hiyo X-Trail, bila kubahatisha.

Kuhusu kiasi: ukimwaga kwa nati ya sampo, lile bakuli la chini ya giaboksi, IST inatoa karibu lita 3 tu, nyingine inabaki kwenye tokonveta, kile kifaa kinachounganisha injini na giaboksi. Kopo moja la lita 4 linatosha kwa mara moja. Fundi apime iliyotoka, arudishe kiasi kile kile, halafu akague kwa stiki. Inayobaki ni yako, ondoka nayo. Mark X haina stiki ya kawaida, kwa hiyo tafuta fundi anayejua kukagua kiwango kwa nati yake huku akiangalia joto la oil.

Sasa bei. Ukiulizia hapa mjini unaambiwa "mzigo unatoka Dar", kana kwamba kopo lilikuja kwa ndege. Tangu Serikali ihamie, ukiingia dukani na kitambulisho cha wizara shingoni bei inapanda kabla hujasalimia. Ukiomba risiti ya EFD, mashine haina mtandao, na aliyetangulia mbele yako naye kaambiwa hivyo hivyo. Kisha ukirudi na kopo feki unaulizwa ushahidi kwamba ulilinunua pale uko wapi.

Mimi siku hizi naungana na majirani, tunaagiza katoni Kariakoo kwa duka linalotuma risiti kwanza, mzigo unashukia stendi ya Nanenane. Hata ukiweka nauli ya basi, bado tunalipa chini ya bei ya hapa mjini.