TAHADHARI: Bima ya mkopo uliyobambikiwa, na barua ya malalamiko wasiyoweza kuitupa

Ndugu zangu, kama una mkopo unaoulipa sasa hivi, katoe mkataba wake pale ulipouweka. Tafuta mstari wenye neno "bima", "ulinzi wa mkopo" au "kinga ya marejesho". Ukiukuta, na hukumbuki mtu yeyote aliyekaa nawe akakueleza bima hiyo inalipa nini na hailipi nini, basi haya yanakuhusu.

Mimi nimejiajiri. Nilipokwenda kukopa, afisa mikopo alilijua hilo, maana ndiye aliyeandika kwenye fomu kwa mkono wake: "amejiajiri". Akawa anafunua kurasa harakaharaka na kunionyesha pa kusaini. Nikauliza yale makato ya bima ni ya nini. Akasema, "Hiyo ni ya lazima, bila hiyo mkopo hautoki. Halafu itakufaa, ukikosa kazi bima inakulipia." Nikasaini. Baadaye kazi zikakatika, nikaenda kudai. Nikaambiwa bima ile inamlinda mwajiriwa aliyeachishwa kazi, aliyejiajiri hayumo. Kumbe tangu siku ya kwanza nilikuwa nalipia kitu ambacho kisingenilipa hata iweje, na aliyeniuzia alikuwa na fomu mbele yake inayomwambia hivyo.

Sitaji jina la ofisi ile, kwa sababu mchezo huu hauchezwi na ofisi moja. Uingereza bima za namna hii ziliuzwa kwa mamilioni, nyingi kati ya mwaka 1990 na 2010, na mabenki yakaishia kurudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Barua za wateja wa kawaida, mmoja mmoja, zilichangia kuwabana.

Kwa nini wanaing'ang'ania sana? Kamisheni. Katika kesi ya Plevin dhidi ya Paragon, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwezi Novemba 2014, mama mmoja alikuwa amekopa pauni 34,000 na kuuziwa bima ya pauni 5,780. Katika fedha hiyo ya bima, asilimia 71.8 ilikuwa kamisheni ya dalali na mkopeshaji. Kampuni ya bima yenyewe ilipata pauni 1,630 tu. Mama yule hakuambiwa, na mahakama ikasema kumficha kamisheni kubwa kiasi hicho hakukuwa haki. Kila nikisoma hesabu hizo moyo unaniuma upya, kwa sababu unaona wazi bima ile ilitengenezwa imnufaishe nani.

Aina mbaya kuliko zote ni ile inayolipwa yote kwa mkupuo mwanzoni. Hutoi fedha mfukoni, kwa hiyo huhisi kitu. Wanaiongeza kwenye mkopo wako, nayo inaanza kuzaa riba. Tuseme bima ni laki mbili, riba ni asilimia 20 kwa mwaka juu ya kiasi cha mwanzo, na mkopo ni wa miaka mitatu. Riba ya bima peke yake ni laki moja na ishirini elfu. Ile laki mbili imekuwa laki tatu na ishirini, na hujagusa hata senti ya mkopo uliouomba. Ukiongeza mkopo katikati, wengine wanaifuta bima ya zamani, wanakurudishia kiasi kidogo, kisha wanakuuzia nyingine mpya.

Tuwe wakweli lakini. Si kila bima ya mkopo ni wizi. Wapo wakopeshaji wanaoweka bima ya kifo kuwa sharti, wanaliandika waziwazi, na ikitokea msiba familia inaondolewa deni. Mimi nalalamikia kuuziwa kwa uongo au kwa kufichwa: kuambiwa ni lazima wakati mkataba hausemi hivyo, kuuziwa bima isiyoweza kukulipa kwa sababu ya kazi yako, umri wako au ugonjwa uliokuwa nao tayari, kutotajiwa bei, au kukuta kisanduku cha "nakubali" kimeshatiwa alama kabla hujashika kalamu.

Sasa barua. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, na mimi nilishindwa mara ya kwanza. Niliandika kurasa tatu. Nikaeleza nilivyokosa usingizi, watoto walivyoteseka, nikawaita wezi. Yote yalikuwa kweli. Nikajibiwa kwa aya mbili: ulisaini, na ulikuwa na nafasi ya kusoma.

Nilikaa siku kadhaa nikiisoma barua yangu mwenyewe kabla sijaona kosa. Nilikuwa nimelalamikia bima kukataa kunilipa. Hilo wana jibu lake siku zote, watakuonyesha kifungu. Kumbe jambo la kulalamikia ni siku ya kuuziwa: nani alisema nini, alijua nini kunihusu, na hakuniambia nini. Na anayelalamikiwa ni yule aliyeuza, hata kama jina lililo juu ya hati ya bima ni la kampuni nyingine.

Kabla ya kuandika tena, niliomba kwa maandishi nakala za kila kitu: fomu ya maombi, mkataba, hati ya bima pamoja na masharti yake, na taarifa ya makato tangu mwanzo. Kama uliuziwa kwa simu, omba na sauti iliyorekodiwa. Fomu ile yenye mwandiko wa afisa ndiyo iliyoniokoa. Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, na kiini chake ni hiki:

"Nalalamikia namna nilivyouziwa bima pamoja na mkopo namba (...), tarehe (...). Siku hiyo nilikuwa nimejiajiri, kama fomu yenu ya maombi inavyoonyesha. Kifungu cha (...) cha masharti ya bima kinamwondoa aliyejiajiri katika malipo ya kukosa kazi. Afisa wenu hakunieleza hilo. Aliniambia kuwa bima ni lazima ili nipate mkopo, ilhali mkataba wa mkopo hauna sharti hilo. Ningeelezwa ukweli, nisingeinunua.

Naomba mnirudishie malipo yote ya bima, riba iliyotozwa juu yake, na riba ya muda wote ambao fedha hiyo sikuwa nayo. Naomba marejesho yaliyobaki yahesabiwe upya kana kwamba bima haikuwepo. Naomba pia mnijulishe kamisheni mliyopata ilikuwa kiasi gani."

Ile sentensi ya "nisingeinunua" msiiache. Bila hiyo watasema hata ungeelezwa ungenunua tu, kwa hiyo hukupata hasara. Na usiandike usilolikumbuka. Ukisahau tarehe, sema umesahau. Barua za kunakili, zenye makosa kumi ambayo saba hayakukutokea, zinawapa nafasi ya kukuita mwongo kwa yale saba na kuyazika matatu ya kweli.

Peleka kwa njia inayoacha ushahidi: baruapepe, au nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Marejesho endelea kulipa wakati malalamiko yanashughulikiwa, maana ukiacha watakugeuza wewe kuwa mkosaji na kesi itakuwa nyingine.

Wanaweza kukupigia na kukupa kiasi kidogo "kwa nia njema". Mimi nilipewa, pamoja na karatasi ya kusaini kwamba sina dai lingine. Nilikataa. Uliza kwanza wamekokotoa vipi, kwa maandishi. Nilipouliza walikaa kimya wiki mbili, kisha wakaja na hesabu kamili: malipo yote ya bima na riba yake.

Wakikukataa au wakinyamaza, usiishie kwao. Uingereza taasisi ya fedha ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho, na ukishalipata una miezi 6 ya kulipeleka kwa Msuluhishi wa Huduma za Fedha, ambaye hamtozi mlalamikaji chochote. Kila nchi ina utaratibu wake na muda wake. Uliza mapema kwa mamlaka inayosimamia bima au kwa benki kuu, kabla siku hazijaisha.

Na kuna kundi la pili la kuogopa: wanaojitolea "kukudaia". Uingereza walijaa mpaka serikali ikawawekea kikomo cha asilimia 20 ya fidia mwaka 2018, kwa kazi ambayo mteja angeifanya mwenyewe kwa karatasi moja. Mbaya zaidi ni wale wanaokupigia simu na kusema fidia yako ya bima ya mkopo iko tayari, tuma ada kwanza. Mwisho wa kupeleka malalamiko ya bima zile kule ulikuwa 29 Agosti 2019. Anayekuomba ada leo ili akufungulie fidia hiyo anataka ada yako tu. Kata simu, na usimpe namba ya akaunti wala ya siri.

Jambo moja ambalo nusura nilipite: mkopo uliokwisha kuumaliza nao ukague. Mimi nilikuta bima ileile kwenye mkopo wa zamani, na barua yake nimeipeleka juzi.