Uzoefu wangu: kubadili miguu ya kukunja ya P-47 kutoka hewa kwenda umeme

Seti hii inaondoa silinda ya hewa kwenye mguu wa kukunja wa ndege ya modeli inayoongozwa kwa rimoti na kuweka mota mahali pake. Chuma cha mguu kinabaki kilekile. Ndani ya boksi kuna mota mbili zenye giaboksi na skrubu ndefu, kisanduku kimoja cha kuziongoza, waya wa kwenda kwenye risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na plagi ya betri ya pembeni. Haina jina kubwa, inatoka China, na hadi kufika Dar es Salaam imenigharimu kama laki mbili na nusu. Nimeifunga kwenye modeli ya P-47, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, yenye mabawa ya sentimita 160, injini ya .61 (ujazo wa inchi za mchemraba 0.61) ya mipigo miwili, uzito karibu kilo nne, yenye miguu ya hewa ya kampuni ya Robart. Naipa nyota nne. Ya tano imeliwa na waya, nitafika huko.

Anayerusha ndege huku pwani hahitaji kuelezwa sana kwa nini watu wanahama hewa. Tangi linajazwa hewa ya shinikizo la psi 100 hivi, kisha kila kitu kinategemea oringi (pete za mpira) ndogo za ndani ya silinda na maungio ya mipira. Oringi ikikauka, au punje ya mchanga ikikaa kwenye fito ya pistoni, hewa inapotea kidogo kidogo, na mguu unaishia katikati au unashuka bila kujifunga. Unabadilisha oringi, unapaka silikoni, mara mchezo uleule unahamia kwenye valvu. Kwa umeme unatoa tangi, valvu, sevo yake (mota ndogo inayofuata amri ya rimoti) na mipira yote. Ila usitarajie ndege iwe nyepesi: mota, kisanduku na betri ya ziada vinarudisha karibu uzito wote. Kinachobadilika ni mahali uzito ulipokaa, kwa hiyo tafuta upya kitovu cha uzito kabla ya kuruka. Kwangu tangi lilikuwa nyuma ya bawa na betri mpya imekwenda mbele, karibu na ukuta wa injini, ikaniwezesha kutoa vipande vyote vya madini ya risasi nilivyokuwa nimeweka puani kuongeza uzito.

Kabla ya kushika bisibisi, elewa jambo moja. Kisanduku hakioni mguu uko wapi. Hakuna swichi ya mwisho wa safari. Mota ikigota, umeme unapanda, kisanduku kinakata na kuhesabu kwamba mguu umefika. Kitu chochote kitakachoikaba mota njiani, hata skrubu moja iliyokazwa vibaya, kitasomeka vilevile. Ndiyo maana kazi yenyewe iko kwenye msuguano. Kuunga waya ni sehemu ndogo. Wengi wanaolalamika kwamba mota hizi "zinakata zenyewe" wana mguu mgumu.

Toa miguu kwenye bawa, ondoa silinda, osha kwa spiriti hadi grisi ya zamani iishe. Shika fremu, achia mguu: uanguke kwa uzito wake wenyewe, wa kulia na wa kushoto sawasawa. Ukisita, tazama bamba za pembeni. Kuna mfereji ambamo pini ya kufungia inatembea, na mwisho wa mfereji umepinda. Kwenye mpindo huo ndipo mguu unapojifunga. Pitisha ukucha kwenye kona yake. Kwenye miguu iliyotua sana utagusa kibonde kidogo kilichochimbwa na pini. Kwa hewa kibonde hicho hakikuwa na neno, maana hewa inapiga kwa kishindo na kukiruka. Kwa mota ni ukuta. Kunja msasa namba 600 juu ya kipande cha bati, sugua kingo zake tu hadi ukucha upite bila kukwama. Tupa ya kunolea chuma isikaribie hapo: ukipanua mfereji, mguu utacheza ukiwa umefungwa.

Mota inashikwa na skrubu nne zilezile za silinda. Zikaze kwa kupishana, robo mzunguko kwa wakati, huku ukiendesha mguu kila baada ya kukaza. Upande mmoja ukivutwa zaidi, skrubu ndefu inalala mshazari na nati yake inabana. Hapa mita ya kawaida ya kupimia umeme ya Kariakoo inatosha: iweke kwenye ampea 10, iunge mfululizo na waya chanya wa betri, soma mguu ukipanda. Mguu wangu wa kulia ulisoma kati ya 0.25 na 0.3, wa kushoto 0.45 palepale. Kulegeza skrubu nne na kuzikaza upya kwa utaratibu kuliishusha hadi 0.3. Kisanduku changu kinakata kwenye ampea 1 hivi, kwa hiyo 0.3 inaacha nafasi ya kutosha ya upepo, na 0.45 inakuweka pembeni mwa shimo. Gundi ya hesi ya bluu, mfano Loctite 243, weka tone moja kwenye skrubu za chuma kwa chuma, na isiguse plastiki ya giaboksi kwa sababu inaweza kuipasua.

Jaribio la mezani nisiloliruka: bawa likiwa limekaa kama linavyoruka, funga pakiti ya majani ya chai ya gramu 250 karibu na gurudumu, kisha kunja. Hewa ya kasi inasukuma mguu, na meza haina upepo. Mguu ukipanda na pakiti hadi kujifunga, angani hautakusumbua.

Tundu la gurudumu ndilo linalowaponza wengi. P-47 halisi ilikuwa na miguu iliyojifupisha karibu sentimita 23 wakati wa kukunjwa, kwa sababu propela yake kubwa ilidai miguu mirefu. Modeli nyingi hazina ujanja huo, hivyo gurudumu linaingia kwa kubanana. Acha milimita 3 kuzunguka tairi lote. Tairi likigusa ukingo wa tundu, mota inazimwa kabla pini haijafika kwenye mpindo, na kwa macho mguu unaonekana umeingia vizuri. Usiamini macho. Vuta kila mguu kwa kidole, ukiwa juu na ukiwa chini. Uliojifunga hautikisiki, na ukisikiliza kwa makini utasikia mlio wa mota ukizama kidogo pini inapoingia kwenye kona.

Ukiwa bado umefungua, kagua mbao zinazoshika fremu. Kwenye ndege ya injini ya mafuta mara nyingi zimelowa mafuta, na gundi mpya haishiki. Chonga hadi mbao kavu au weka mpya. Vipande vya mninga vya Keko, vinavyobaki kwa mafundi wa samani, ni vigumu vya kutosha. Tumia Araldite ya kukauka polepole, siyo ya dakika tano, ambayo hulegea gari likifungwa juani. Tundu la skrubu lililochoka lidondoshee supagluu nyepesi, liache likauke, kisha rudisha skrubu.

Betri sasa. Mota zote mbili zikivuta ampea 0.6 kwa sekunde 6, ni kama mAh 1. Miendo ishirini kwa siku nzima haifikishi mAh 25. Kwa hiyo betri ndogo kabisa ya LiFe (aina ya lithiamu na chuma) ya seli mbili, volti 6.6, itakaa wiki nyingi, na ukichagua ya mAh 700 ni kwa ajili ya kushikilia volti wala hutafuti ujazo. Usiipitishe seti hii kwenye betri ya risiva hata kama maelezo yanaruhusu. Miguu yote ikigota pamoja ni ampea 2 kwa ghafla, juu ya zile za sevo; pakiti ya betri za NiMH (aina ya nikeli) ya seli nne iliyochoka itashuka volti, risiva ya 2.4 GHz itazimika na kuwaka upya, nawe huna ndege kwa muda huo. Betri ya pembeni ikifa, unabaki na miguu ilipo lakini usukani unao.

Kwenye rimoti mambo ni mafupi. Kisanduku kinataka kujua tu kama pigo la mawimbi kutoka risiva ni refu au fupi kuliko la katikati, milisekunde 1.5, kwa hiyo weka safari ya chaneli asilimia 100 na zima kabisa kipengele cha kupunguza kasi ya sevo, kisije kikaganda katikati. Ukiwasha, changu hakigusi kitu mpaka swichi ihamishwe mara moja. Huo ni ulinzi mzuri, maana kuwasha swichi ikiwa juu hakuangushi ndege kwa tumbo. Mguu mmoja ukitangulia mwingine, achana nao. Ndege halisi zilifanya hivyo sana.

Nyota iliyopotea: waya za mota zimelehemiwa kwenye vichwa vya mota bila kushikiliwa na chochote. Kwa mtetemo wa injini ya .61, mmoja ulikatika palepale kwenye lehemu, mezani kwa bahati. Lehemu upya, vuta mpira wa kusinyaa kwa moto juu yake, kisha shikilia waya kwenye mwili wa mota kwa silikoni. Ile yenye harufu ya siki iache, inakula shaba. Tafuta isiyonuka hivyo. Waya wenyewe nao ni mwembamba, kwa hiyo kutoka kwenye mota hadi shina la bawa nimeweka wa AWG 22 (namba ya unene wa waya), umesokotwa, mbali na antena. Waya wa spika ni mnene bure.

Kwa wanaorukia Kigamboni na kwingine kwenye mchanga: hiyo skrubu ndefu ni chuma, na chumvi haina huruma. Grisi nzito inashika mchanga na kugeuka msasa. Futa kwa kitambaa kikavu baada ya kuruka, paka filamu ya silikoni isiyoonekana kwa jicho, basi. Ukiona 0.3 imekuwa 0.4 kwenye mita, mchanga umeshaingia.

Mguu mmoja ukigoma angani, hamisha swichi tena, mara mbili au tatu, injini ikiwa chini ili upepo upungue. Ukiendelea kugoma, kunja na ule mwingine, utue kwa tumbo kwenye majani. Kutua kwa mguu mmoja kunavunja bawa; kutua kwa tumbo kunakula propela.

Haifai kwa kila mtu. Miguu ya nailoni ya kuvutwa na sevo haina silinda ya kubadilisha, na ndege ya chini ya kilo mbili ni rahisi kuinunulia miguu ya umeme iliyokamilika. Ukiagiza, ongeza mota moja ya akiba kwenye mzigo huohuo, kwa sababu hapa mjini sijaiona dukani. Na chaja iweke kwenye LiFe: mwisho wake ni volti 3.6 kwa seli, siyo 4.2 za LiPo.