Uzoefu wangu na huduma ya kumkanda mbwa mwenye maumivu ya viungo, Lubumbashi

Huduma ninayoizungumzia ni ya kijana mmoja wa Kampemba anayekwenda majumbani kuwakanda mbwa wenye maumivu ya viungo, akitumia joto, mikono na mazoezi mepesi ya miguu. Tumeitumia tangu kiangazi kilipoanza kwa ajili ya Bobi, mlinzi wetu wa aina ya German Shepherd. Gegedu la nyonga zake, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika kwa uzee, na pia kwa maumbile, kwa kuwa mbwa wengi wa aina hii hurithi kasoro ambayo, wanapokua, kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika kikombe chake cha nyonga. Ugonjwa huo hauponi. Linalowezekana ni kupunguza maumivu na kuilinda misuli isinyauke.

Kilichonifanya nimwamini kijana huyu ni kwamba, kabla ya kukubali kuja, alitaka kujua daktari wa mifugo alisema nini na mbwa anapewa dawa gani. Siku ya kwanza hakugusa nyonga kabisa. Alianza mabegani, akatueleza kwamba mbwa anayeumwa nyuma huhamishia uzito mbele, hivyo misuli ya shingo na mabega hukakamaa kwa kubeba mzigo usiokuwa wake. Nilipoweka vidole pale aliponionyesha, nilikuta fundo gumu chini ya manyoya, na nilipolibonyeza Bobi aligeuza kichwa na kulamba midomo. Kijana aliniambia papo hapo nipunguze nguvu, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ya mbwa mpole anapoumia.

Kazi ya joto ni rahisi, na sasa watoto wangu wakubwa wanaiweza. Maji hupashwa juu ya mbabula, yaani jiko la mkaa, taulo huchovywa na kukamuliwa, hujaribiwa kwanza kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono, kisha hulazwa juu ya nyonga kwa dakika 10 hadi 15. Kiungo kilichovimba na kuwa na moto hakiwekewi joto. Baadaye paja hukandwa kwa kiganja kizima, na mguu hukunjwa na kunyooshwa polepole mbwa akiwa amelala ubavu, bila kuulazimisha kupita pale unapogoma. Kijana hakuficha ujuzi wake hata kidogo. Alisimama kando akatuangalia tukifanya wenyewe, akaturekebisha mikono, na kwangu mimi hapo ndipo fedha zetu zilipopata thamani yake.

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya mji wetu inapotulia kwenye simenti, Bobi alikuwa akiinuka kwa miguu ya mbele tu na kuburuta kiuno hadi ukutani. Siku hizi hulala juu ya godoro kuukuu lililofunikwa gunia, huinuka kwa miguu yote minne, na hufika getini bila kupumzika njiani. Sisemi kwamba kukandwa peke yake kumeleta hayo. Bado anameza meloxicam, dawa ya kutuliza maumivu, kwa kipimo alichoandikiwa na daktari, na tumempunguzia bukari, yaani ugali, kwa kiasi kikubwa. Hili la chakula ningelipa uzito kuliko yote: katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 juu ya mbwa 48 aina ya Labrador, wale waliolishwa pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa.

Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa kama kirutubisho cha viungo na ambavyo chupa yake moja ilitugharimu zaidi ya ziara kadhaa za kijana huyu, sikuona vimefanya lolote, na kibandiko chake hakikuonyesha hata kiasi kilichomo. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2022 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal ulifikia hukumu hiyo hiyo kuhusu glukosamini na kondroitini, kirutubisho kingine cha viungo, lakini ukayakubali mafuta ya omega-3, yale ya samaki. Hayo tunaendelea nayo, kwa kiasi, maana yakizidi mbwa huharisha na kunenepa. Mafuta ya ini la samaki ni kitu kingine: yana vitamini A na D nyingi, na hayafai kutolewa kiholela. Unga wa manjano, ambao majirani wanausifu sana, kiini chake hufyonzwa kidogo mno mwilini, kwa hiyo niliuacha jikoni.

Nawasihi wenye mbwa wasimpe mbwa dawa za maumivu za watu, diklofenaki wala ibuprofeni iliyobaki kabatini, hata kama mnyama analia usiku. Dawa hizo huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake.

Malalamiko yangu kwa kijana ni mawili. Huchelewa bila kutoa taarifa, na mbwa anayesubiri amefungwa hukakamaa upya. Tena haandiki popote alichofanya, hivyo daktari alipotaka kujua mguu wa kushoto unanyooka kiasi gani ukilinganishwa na mwezi uliopita, ilibidi tukisie. Nimemwomba aanze daftari kwa kila mbwa, naye amekubali. Ningemwita tena, na nimeshampeleka kwa shemeji yangu wa Katuba, ambaye mbwa wake anachechemea goti.